Baridi yangu si baridi ya jirani

ILIKUWA asubuhi ya Jumamosi, mwezi wa Julai mwaka wa 2020, siku zile za korona ambapo mtu hakuweza kuingia dukani, kanisani wala ofisini kabla ya kuelekezewa kipimajoto usoni kama anayelengwa kwa bastola. Nilikuwa kwenye foleni nje ya duka moja karibu na kwetu Komarock, nimevaa sweta mbili, koti juu yake, na leso nimeizungusha shingoni. Bawabu alinilenga, akaitazama nambari, akakitikisa kile kidude, kisha akanilenga tena.

"Mama, uko sawa kweli?" akaniuliza. "Hapa naona thelathini na nne nukta tisa. Wenye joto jingi tunawarudisha nyumbani. Wewe sasa nikupeleke wapi?"

Foleni nzima iliangua kicheko. Mimi pia nilicheka, maana ungefanya nini? Lakini nilipofika ndani niliegemea rafu za unga na machozi yakanilengalenga.

Baadaye nilikuja kujua kwamba vipimajoto vile havitegemeki sana asubuhi ya baridi. Vyenyewe hupima ngozi, na ngozi iliyopigwa na upepo wa Julai hupoa hata kama mwili una joto la kutosha ndani. Hata hivyo, kwa takriban miaka miwili nilikuwa nikihisi baridi ambayo hakuna mwingine aliyeihisi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu mwingine kuona kwamba labda lipo jambo.

Mpenzi msomaji, leo nataka kukusimulia habari za baridi hiyo. Nitakueleza jinsi ilivyonifunza somo kubwa, na jinsi nilivyolishika somo lenyewe nusunusu hata nusura nimwingize jirani yangu kaburini.

Mtoto wa Kinangop

Mimi nilizaliwa na kulelewa Kinangop. Huko kuna asubuhi ambapo umande huamka umeganda juu ya nyasi na majani ya viazi yakawa yameungua kwa baridi. Kwa mtu wa Kinangop, Komarock ni mahali pa joto. Ndiyo maana kila nilipolalamika, watu wa nyumbani walinicheka. "Nairobi imekulegeza," ndugu yangu mkubwa aliniambia. "Mtoto wa huku aogope baridi ya Eastlands?"

Mambo yalianza miezi michache baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili, mwaka wa 2018. Kwanza ulikuwa uchovu. Nilidhani ni ule wa kila mama mwenye mtoto mchanga, lakini mtoto alianza kulala usiku kucha na uchovu haukuondoka. Jioni nikipanda matatu kutoka mjini, usingizi ulinichukua kabla hatujatoka katikati ya jiji, na si mara moja wala mbili nilipopitishwa Komarock na kuamshwa na utingo huko Kayole. "Mathe, hapa ndio mwisho," angesema, nami nikashuka nikiona aibu.

Kisha nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Ngozi ya miguu ikakauka kama gome la mti. Choo kikawa cha kutafutwa. Sauti yangu ikawa nzito hata mtu mmoja niliyempigia simu kwa kazi ya gazeti akaniita "mzee". Niliongeza kilo 11 ilhali sikuwa nikila zaidi ya zamani, na wenzangu wa ofisini walinipongeza: "Umenona! Naona mambo yamekuwa mazuri." Mume wangu naye, ambaye si mtu mbaya, alianza kusema kwamba nimekuwa mvivu. La kuhuzunisha zaidi ni kwamba mimi mwenyewe nilimwamini.

Si kwamba sikutafuta matibabu. Kliniki ya kwanza ilisema nina malaria pamoja na homa ya matumbo, nikadungwa sindano na kupewa mfuko wa dawa. Ya pili ilisema ni vidonda vya tumbo. Katika ya tatu, kijana aliyenihudumia hakuinua macho kutoka kwa karatasi. "Ni mawazo tu, madam," alisema. "Jaribu kupumzika." Ningempumzishia wapi mtu mwenye watoto wawili na mhariri mmoja?

Daftari la joto

Baada ya kisa cha bawabu nilinunua kipimajoto cha kuwekwa chini ya ulimi. Kila asubuhi, kabla ya kutoka kitandani, nilijipima na kuandika katika daftari: 35.6, 35.8, 35.5, 35.9. Katika wiki mbili nilifika 36 mara moja tu.

Kazi yetu ya uandishi hutufanya watu wa kupekuapekua. Katika kusoma kwangu nilikutana na habari za daktari mmoja wa Marekani, Broda Barnes. Tangu mwaka wa 1942 alikuwa akifundisha kwamba joto la chini la mwili asubuhi ni ishara ya ulegevu wa tezi ya thairoidi, na mwaka wa 1976 akalitolea kitabu jambo hilo. Kwa maoni yake, mtu akijipima kwapani kabla ya kuamka na kupata chini ya takriban 36.6, basi tezi yake ishukiwe. Nilipoisoma orodha ya dalili alizotaja, niliona kana kwamba mtu ameishi nyumbani kwangu na kuandika aliyoyaona.

Nililibeba daftari langu kwa daktari niliyeelekezwa na mwenzangu wa ofisini. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na mikono ya polepole. Alinitaka nimeze maji huku akinishika shingo kutoka nyuma. Alinipigisha magoti juu ya kiti, akanigonga kano ya kisigino kwa kinyundo kidogo, akaona jinsi mguu ulivyoruka haraka lakini ukarudi taratibu, kama mtu anayefikiria kwanza. Ndipo nikalitoa daftari na kumweleza habari za Barnes.

Alilisoma lote. Kisha akalifunga na kunirudishia.

"Mama," aliniambia, "hili daftari ni shahidi mzuri. Lakini shahidi si hakimu. Hakimu tutamtafuta kwenye damu."

Alinieleza kwamba ile 37 tunayoimba sote ilitokana na daktari wa Ujerumani, Carl Wunderlich, aliyechapisha vipimo vya maelfu ya wagonjwa mwaka wa 1868. Binadamu hawana joto moja. Asubuhi mwili hupoa, jioni hupanda. Mwanamke hupanda kidogo katika nusu ya pili ya mwezi wake, na wazee huwa na joto la chini kuliko vijana. Isitoshe, mwaka wa 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba joto la wastani la Wamarekani limekuwa likishuka tangu karne ya 19. Basi mtu anaweza kuamka na 36.2 maisha yake yote na awe mzima kama kigongo. Barnes alianza kazi yake wakati ambapo hapakuwa na kipimo kizuri cha damu, kwa hivyo kipimajoto kilikuwa msaada. Lakini vipimo vilipopatikana, madaktari waliona kwamba wapo wengi wenye joto la chini ambao tezi zao hazina kasoro, na wapo wagonjwa wa tezi ambao joto lao ni la kawaida kabisa.

Kidirisha cha jiko

Tezi yenyewe, alinieleza, ni kitu kidogo cha kama gramu 20, kimekaa mbele ya shingo chini ya kikoromeo, kimetanua mabawa mawili kama kipepeo. Kazi yake ni kuchukua madini ya iodini kutoka kwenye chakula na kutengeneza homoni inayouambia mwili uchome nguvu kwa kasi gani.

"Unalijua jiko la makaa?" aliniuliza. "Lina kidirisha pale chini. Ukikifungua, makaa yanawaka. Ukikifunga, makaa yapo lakini yanafukuta tu. Tezi yako ndiyo kidirisha."

Hapo nikaelewa mambo yote kwa pamoja. Jiko likififia, mwili unapoa. Utumbo unafanya kazi polepole, ndipo choo kinakuwa kigumu. Moyo unapiga taratibu, ngozi na nywele zinakosa kutunzwa, mawazo yanakwenda kwa kukokotwa. Uvivu niliousingizia nafsi yangu ulikuwa kidirisha kilichofungwa.

Kipimo kikuu cha damu huitwa TSH. Hiyo ni homoni inayotoka katika tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo kazi yake ni kama ya nyapara katika mjengo. Wafanyakazi wakifanya kazi, nyapara huongea kwa sauti ya kawaida. Wakizembea, hupaza sauti. Kwa watu wazima wengi kipimo hicho huwa kati ya kama 0.4 na 4. Changu kilikuwa 48. Nyapara wangu alikuwa akipiga kelele mchana na usiku, wala hapakuwa na wa kumsikia.

Kipimo cha pili kilionyesha sababu: askari wa mwili wangu, wale wanaopaswa kunilinda dhidi ya magonjwa, walikuwa wameigeukia tezi na kuishambulia. Ugonjwa huo hujulikana kwa jina la daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka wa 1912. Huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na wengine wetu huugundua katika miezi inayofuata uzazi.

Na chumvi je?

Nilipompigia mama yangu simu, alikuwa na jibu tayari. "Ni chumvi unakosa," alisema. Alikumbuka wazee wa zamani waliokuwa na rovu, ule uvimbe wa shingo uliokuwa ukifichwa kwa shuka. Na mama hakuwa amebahatisha tu. Palipo na uhaba wa iodini, hasa nyanda za juu na mbali na bahari, tezi hujivimbisha ikijaribu kunasa kile kidogo kilichopo. Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika mikoa iliyoathirika miaka ya 1980, na Kenya imekuwa ikitaka chumvi ya kupikia itiwe iodini tangu miaka ya 1970.

Lakini hata hapo mambo si mepesi. Watafiti waliofanya kazi Idjwi, kile kisiwa cha Ziwa Kivu upande wa Kongo, waliona jambo la ajabu. Kaskazini mwa kisiwa watu wengi walikuwa na rovu, na kusini-magharibi walikuwa wachache, ilhali pande zote mbili zilikosa iodini. Walipochunguza zaidi walielekeza kidole kwa muhogo usiotayarishwa vyema, ambao sumu yake huizuia tezi kuitumia iodini. Kisiwa kimoja, uhaba mmoja, na shingo tofauti.

Kwangu mimi chumvi haikuwa na lawama wala haikuwa dawa. Daktari alinionya nisiongeze iodini kwa kubahatisha, maana iodini nyingi kupita kiasi inaweza kuidhuru zaidi tezi iliyokwisha kushambuliwa.

Dawa yangu ni kidonge kidogo cha levothairoksini, ile ile homoni ambayo tezi imeshindwa kutengeneza. Ina historia yake. Mwaka wa 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mama mmoja wa miaka 46 maji yaliyotolewa kwenye tezi ya kondoo, na mgonjwa huyo akaishi miaka 28 zaidi. Mimi sikuhitaji kondoo. Humeza kidonge changu alfajiri kwa maji matupu, kisha hungoja nusu saa au zaidi kabla ya chai, maana chakula na maziwa huizuia dawa kuingia mwilini.

Baada ya wiki nane nilipimwa tena. Kelele za nyapara zilikuwa zimepungua. Julai iliyofuata nilikwenda ofisini kwa sweta moja, na nilikumbuka majina ya watu. Mume wangu aliniomba msamaha jikoni, akiwa ameshika sufuria, bila ya kunitazama usoni. Nilimsamehe.

Daktari wa uani

Ningekomea hapo, hii ingekuwa hadithi nzuri. Lakini mtu aliyepona huwa na tabia moja mbaya: huiona dawa yake katika kila ugonjwa.

Nyumba zetu nyingi za Komarock zimeshikana ukuta. Jirani akikaanga kitunguu unakula kwa pua, akigombana na mumewe unasuluhisha kwa kukohoa. Upande wangu wa kulia anaishi rafiki ambaye nitamwita Mama Kevo, ingawa hilo si jina lake. Tuliingia katika mtaa huu karibu wakati mmoja, na watoto wetu wamekuwa wakila popote chakula kinapowahi kuiva.

"Mama Ciku, hii baridi yako ilianzaje?" aliniuliza siku moja tukianika nguo, mwanzoni mwa mwaka wa 2022. "Mimi siku hizi hata chai ya moto hainisaidii. Na kuchoka! Nikipanda ngazi mara moja tu, moyo unapiga kama ngoma."

Ningekuwa msikilizaji mwema, ningelisikia lile neno moyo, kwa sababu moyo wangu mimi ulikuwa ukienda polepole. Ningevitazama viganja vyake vilivyokuwa vimepauka. Ningekumbuka kwamba miezi kadhaa kabla ya hapo alikuwa ameniambia, kwa ile sauti ya chini tunayotumia wanawake kwa mambo hayo, kwamba siku zake za mwezi zinachukua siku kumi na zinamwaga damu nyingi. Habari zote nilikuwa nazo. Lakini masikio yangu yalisikia neno moja tu, baridi.

Nilikimbia ndani nikaleta kipimajoto. Kikasema 35.7.

"Ni thairoidi," nikatangaza, kama hakimu anayesoma hukumu.

Alisema angekwenda kupimwa mwisho wa mwezi, kwa sababu karo ya shule ilikuwa imemaliza kila kitu. Nami kwa huruma, au niseme kwa majivuno yaliyovaa nguo za huruma, nikamletea karatasi mbili za vidonge vyangu. "Anza na hivi," nilimwambia. "Moja kila asubuhi. Utaona tofauti."

Siku kama kumi na mbili baadaye, saa nne za usiku, mumewe aligonga mlango wetu. "Mama Ciku! Njoo umwone mwenzako!"

Nilimkuta kwenye kochi, ameshika kifua, mikono inatetemeka, jasho linamtiririka. Nilimshika mkono. Ulikuwa wa moto. Rafiki yangu aliyekuwa akilalamikia baridi alikuwa akiungua mbele yangu.

Tulipata teksi hadi hospitalini. Daktari wa zamu alimpima moyo, akasema unapiga zaidi ya mara 140 kwa dakika. Kisha akauliza swali la kawaida: "Kuna dawa yoyote anayotumia?"

"Hakuna," mumewe akajibu kwa uhakika wote.

Mama Kevo alinitazama. Hakusema neno. Msomaji wangu, nimesimama mbele ya wakubwa wengi katika kazi hii, lakini sijawahi kutamani sakafu ipasuke kama nilivyotamani usiku ule. Ningeweza kunyamaza. Nakiri kwamba kwa muda wa pumzi mbili hivi, nilinyamaza.

"Ipo," nikasema. "Nilimpa mimi."

"Vidonge vingapi kwa siku?" daktari akauliza.

"Kimoja."

"Viwili," Mama Kevo akanong'ona. "Nilitaka nipone haraka."

Damu ilipopimwa, kiwango chake kilikuwa gramu 6.4 kwa desilita, ilhali mwanamke mzima asiye mjamzito hutarajiwa kuwa na angalau 12. Hakuwa na ugonjwa wa tezi. Alikuwa ameishiwa na damu, naye mtu aliyepungukiwa na damu huhisi baridi pia, kwa kuwa damu ndiyo inayosambaza joto na hewa safi mwilini. Moyo wake ulikuwa ukikimbia ili damu ile chache itoshe kila mahali. Alikuwa punda aliyelemewa na mzigo, nami nikamchapa mjeledi.

Aliongezewa damu usiku huo. Uchunguzi ulionyesha uvimbe katika mji wa mimba, na baadaye akafanyiwa upasuaji. Hata kipimo chake cha tezi nilikuwa nimekiharibu, maana vidonge vyangu vingetoa majibu ya uongo. Ilibidi wangoje wiki sita ndipo wampime. Jibu lilikuwa 2.1. Tezi yake ilikuwa nzima kuliko yangu itakavyowahi kuwa.

Kwa miezi miwili alinisalimu kwa ncha ya ulimi tu. Kisha siku moja, tukianika nguo pale pale, alisema bila ya kunigeukia: "Ulitaka kunipasha moto, ukanichoma." Nikasema ni kweli. Tangu siku hiyo tumeongea. Mumewe alichukua muda mrefu zaidi, na simlaumu.

Ukihisi baridi peke yako

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini si kila wingu hunyesha. Baridi isiyokwisha inaweza kutoka katika tezi. Inaweza kutoka katika upungufu wa damu, katika njaa na kujinyima chakula ili upunguze unene, katika kisukari, katika baadhi ya dawa au katika ulevi. Kuna hata maambukizi makali ambayo kwa wazee na watoto wachanga hushusha joto badala ya kulipandisha.

Kwa hivyo ukiwa unahisi baridi ilhali wenzako wamevua sweta, usipuuze na usikubali kuambiwa ni uvivu. Jipime kwa kipimajoto cha mdomoni au kwapani siku kadhaa, uandike. Andika pia na mengine: uzito, choo, nywele, usingizi, mapigo ya moyo, siku za mwezi. Mpelekee daktari daftari zima, usichague ukurasa unaokupendeza. Kisha omba damu ipimwe, kiwango cha damu pamoja na TSH. Ukiwa mjamzito au unatarajia kushika mimba na umewahi kuwa na tatizo la tezi, sema mapema, kwa kuwa ubongo wa mtoto aliye tumboni huitegemea homoni hiyo.

Kuna hali moja isiyongoja miadi. Mtu aliyeshuka chini ya 35 kwa kipimajoto cha kutegemeka, hasa mzee, akawa anasinzia ovyo, anachanganyikiwa au kupumua taratibu mno, ni wa kukimbizwa hospitalini saa hiyo hiyo. Mtoto mchanga aliyepoa na kukataa kunyonya, vivyo hivyo.

Na vidonge vyako, ndugu yangu, ni vyako. Chakula gawa, sweta gawa, hata nauli gawa ukiwa nayo. Dawa ya daktari usigawe.

Julai hii iliyopita tuliketi na Mama Kevo mlangoni kwangu tukichambua sukuma wiki. Upepo ulipovuma, alijikunyata na kuvuta leso. Nilifungua mdomo.

"Usiniambie ni nini," akaniwahi, huku akicheka. "Nikiona inazidi nitakwenda kupimwa."

Nikaufunga mdomo. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.